Springi Hewa na Springi ya Koili: Gari la Kifahari Linapobadilishiwa Mfumo Mtwara

"Imelala." Hilo ndilo neno la fundi akikuta Range Rover au Harrier iliyoegeshwa jioni ikiwa sawasawa, asubuhi kona yake moja imeshuka hadi tairi limemezwa na bodi. Mwenye gari huambiwa kwamba shokapu za upepo zimekwisha, na mbele yake kuna njia mbili: anunue nyingine, au aachane na upepo afunge springi za chuma. Ni uamuzi wa fedha nyingi, na sehemu ya hasara inayoufuata hutokana na majina. Kilichopasuka katika gari lililolala mara nyingi si shokapu hata kidogo.

Gari lolote lina kazi mbili za kufanya kati ya bodi na magurudumu. Ya kwanza ni kubeba uzito na kuinama pale gurudumu linapokutana na tuta au shimo, kisha kurudi mahali pake. Hiyo ni kazi ya springi. Ya pili ni kutuliza mwendo huo ili bodi isiendelee kupanda na kushuka baada ya tuta kupita. Hiyo ni kazi ya shokapu, ambayo ndani yake pistoni husukuma mafuta yapite kwenye vitundu vyembamba. Gari lenye shokapu mbovu hunesanesa njia nzima lakini hubaki kwenye kimo chake. Gari lenye springi mbovu hukaa chini.

Katika magari mengi ya hewa vitu hivi viwili vimeunganishwa katika mwili mmoja: mfuko wa mpira umelizunguka bomba la shokapu, vikauzwa pamoja na kuitwa kwa jina la kimoja. Si yote yaliyo hivyo. Toyota Prado ya muundo wa 120, iliyotoka mwaka 2002, ina matoleo ya juu yenye mifuko ya hewa nyuma, na shokapu zake zimefungwa kando. Range Rover ya mwaka 1994, ile ambayo mafundi huijua kwa jina la P38, nayo ina mifuko na shokapu mbalimbali. Mwenye gari kama hilo akiuziwa "shokapu za upepo", ataweza kulipia kitu kizima huku kilichotoboka kikiachwa kama kilivyo.

Sasa ni hewa gani inayoweza kubeba gari? Kona moja ya gari kubwa ikibeba kilo 600, na mfuko wake ukiwa na eneo la kubebea la sentimita za mraba 100, hewa ya ndani lazima igandamizwe hadi karibu baa 6. Kwa kipimo cha pale kwa mjaza tairi, hiyo ni PSI 85 hivi, wakati tairi la gari hilo hilo lina PSI thelathini na kitu. Kompresa ndogo ya umeme huisukuma hewa hiyo, kikaushio huondoa unyevu, vali huigawa kwa kila kona, na sensa za kimo huiarifu kompyuta ya gari iwapo bodi imepanda au imeshuka. Wakipanda abiria watatu na boksi la barafu lenye samaki kutoka Msimbati, pwani ya Mtwara, kompyuta huongeza hewa nyuma na gari hurudi kwenye kimo chake. Springi ya chuma haina uwezo huo. Ikielemewa, hubonyea na kubaki imebonyea mpaka mzigo ushuke.

Kuachana na hewa si jambo lililoanzia Afrika Mashariki. Mwaka 1957 kampuni ya Cadillac ya Marekani ilitoa Eldorado Brougham, gari la dola 13,074, lililokalia mifuko ya hewa katika kona zote nne. Mifuko na mirija yake ilivuja, na wamiliki wengi wakaamua kufunga springi za koili. Hata hivyo wahandisi hawakukata tamaa. Mercedes-Benz iliweka hewa katika 300 SE mwaka 1961. Range Rover ya toleo la LSE ikafuata mwaka 1992, safari hii ikiwa na kompyuta ya kuongoza kimo. Harrier ya kizazi cha pili ya mwaka 2003 ilikuwa na toleo la hewa, na Land Rover Discovery 3 ikaingia sokoni mwaka 2004. Magari ya aina hizi yakishatumika Japani na Uingereza, ambako nako usukani uko kulia, huletwa Tanzania. Hufika yakiwa na miaka kadhaa mgongoni, na mpira wa mifuko yake umezeeka vilevile.

Pwani ya Mtwara huumaliza mpira huo haraka zaidi. Kutoka mjini kupitia Madimba hadi Msimbati, njia huingia katika mchanga mwepesi, na wageni wengi hupenda kuteremsha magari hadi ufukweni penyewe, ndani ya eneo la Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma iliyoanzishwa mwaka 2000. Mfuko wa hewa hujikunja na kujikunjua kila gurudumu linapopanda na kushuka. Punje za mchanga zikiingia kwenye mkunjo, husaga mpira mahali palepale kila siku. Chumvi hula viungio vya mirija, plagi za nyaya na vikono vya sensa za kimo. Unyevu wa pwani hujaza kikaushio, na kikishindwa kufyonza zaidi, maji huingia kwenye vali. Anayeshuka Kilambo kwenye kivuko cha kwenda Msumbiji, ambako safari hufuata maji kujaa na kupwa, hukanyaga mchanga na chumvi kwa pamoja.

Tundu dogo halilazi gari mara moja. Kwanza kompresa huanza kufanya kazi ya ziada kila gari linapowashwa ili kufidia hewa iliyotoka usiku. Haikuundwa kwa kazi ya mfululizo, kwa hiyo hupata joto na mwishowe huungua. Ndiyo sababu mtu aliyeanza na mfuko mmoja wenye kitundu huishia kudaiwa mfuko, kompresa na vali. Spea hizo zikikosekana Mtwara huagizwa Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 550, kwa barabara iliyopata Daraja la Mkapa juu ya Mto Rufiji mwaka 2003 lakini ambayo Mei 2024 ilikatwa na mafuriko upande wa Lindi. Hapo ndipo wazo la springi za chuma linapopata nguvu.

Wazo likishakubaliwa, huhitaji maneno ya kulielezea, na hapa Kiswahili kinapaswa kuwa makini. Matangazo ya spea za ng'ambo yaliyotafsiriwa na kompyuta yamejaa "chemchemi ya hewa" na "kusimamishwa kwa hewa". Chemchemi ni mahali maji yanapobubujika kutoka ardhini. Kusimamishwa ni jambo linalompata mfanyakazi aliyekosana na mwajiri. Kila mara mashine imeona neno la Kiingereza lenye maana kadhaa, "spring" na kisha "suspension", ikachukua maana isiyohusika. Hakuna fundi wa Mikindani wala wa Mtwara mjini anayesema hivyo, na hakuna sababu ya mwandishi wa Kiswahili kusema hivyo.

Neno lililokubalika ni "springi". Limeenea hadi kwenye godoro na kalamu, na kila duka la spea hulielewa. Kiswahili kina pia "kamani", neno lililokuja na biashara ya Bahari ya Hindi: wasemaji wa Kigujarati na Kihindi hulitumia kwa springi, na asili yake ni neno la Kiajemi lenye maana ya upinde. Ni neno zuri, kwa kuwa upinde nao huhifadhi nguvu kwa kupindwa na kuirudisha unapoachiwa. Lakini gereji za leo hazilitumii, na istilahi isiyotamkwa mahali pa kazi haimsaidii mtu kununua spea sahihi. Kamani ibaki katika kamusi na maandishi ya historia. Springi iendelee na kazi.

Kuhusu hewa na upepo, mvutano ni mwepesi kuliko unavyoonekana. Vitabu vya sayansi husema hewa, kwa kuwa upepo ni hewa inayokwenda. Mitaani, tairi hujazwa upepo, na madereva wa malori na mabasi wamekuwa na "breki za upepo" kwa miaka mingi bila kuchanganyikiwa. "Springi za upepo" imezaliwa katika ukoo huo na ni Kiswahili safi cha gereji. Katika vitabu vya ufundi na mitaala, "springi hewa" inafaa zaidi. Ni fupi, na imeundwa kwa kuweka nomino mbili pamoja kama "shamba darasa" na "hati punguzo", maneno ambayo Watanzania wameyazoea. Istilahi hizi mbili zinaweza kuishi pamoja, moja mdomoni na moja kitabuni, kwa sababu zote zinataja kitu kilekile: springi.

Springi ya chuma iliyosokotwa ina mtego wake. Wengi huiita "springi ya kawaida", jina linaloeleweka leo lakini lisiloeleza umbo, kwa maana springi za mabamba zilizo chini ya pikapu nazo ni za kawaida. "Koili" peke yake ni hatari zaidi: atakayeomba koili dukani atapewa ile ya kuwasha plagi. Jina kamili, "springi ya koili", huondoa utata wote, na linastahili kuandikwa lote kila mara.

Utata mkubwa kuliko wote umo katika kitenzi. "Kubadilisha springi" ni kutoa ya zamani na kufunga mpya ya aina ileile. Kutoka hewa kwenda koili ni jambo jingine, na Mtwara imeshatoa mfano wa namna ya kulitaja. Gesi ya Ghuba ya Mnazi, iliyogunduliwa mwaka 1982, husafishwa Madimba na kupelekwa Dar es Salaam kwa bomba lililoanza kazi mwaka 2015. Gari la petroli likifungwa mtungi litumie gesi asilia, watu hawasemi kwamba limebadilishiwa tangi. Husema limefungwa "mfumo wa gesi". Neno mfumo linaonya kwamba vitu vingi vimeguswa kwa pamoja. Kwa hiyo kazi hii iitwe "kubadili mfumo wa springi, kutoka springi hewa kwenda springi za koili".

Na kweli ni mfumo. Fundi akitoa mifuko, anapaswa kufunga vikalio vya koili, au mkusanyiko mzima wa springi na shokapu kwa magari ambayo vilikuwa mwili mmoja. Kompresa huzimwa. Kompyuta, ikiwa haikupangwa upya, huendelea kutafuta hewa isiyokuwapo na kuwasha taa ya onyo kwenye dashibodi. Kuing'oa balbu ya taa hiyo si suluhisho, maana itaficha pia hitilafu nyingine. Baadhi ya magari hutumia sensa za kimo kuelekeza taa za mbele, na mengine huunganisha kimo na udhibiti wa utelezi. Discovery 3 ina kitufe cha kuchagua aina ya njia, mchanga ukiwamo, na kwa baadhi ya njia kitufe hicho hutegemea hewa kuinua bodi. Baada ya koili, kuinuliwa huko hakupo tena.

Uchaguzi wa springi yenyewe hauruhusu kubahatisha. Ugumu wa koili hupanda kwa kipeo cha nne cha unene wa waya wake. Waya wa milimita 14 badala ya 13, vipimo vingine vikibaki vilevile, hutoa springi ngumu zaidi kwa karibu asilimia 34. Tofauti hiyo ya milimita moja haionekani kwa macho, lakini abiria ataihisi kila rasta barabarani. Kuchukua springi za gari jingine kwa sababu tu "zimeingia" ni kuharibu gari la thamani kubwa. Springi sahihi ni ile iliyotengenezwa kwa uzito wa gari hilo, kona kwa kona, pamoja na shokapu inayolingana nayo.

Koili haina kinga dhidi ya bahari. Rangi yake ikibanduliwa na kokoto, chumvi huanza kula chuma hapo, na mzunguko wa chini kabisa, unaokusanya mchanga na maji, ndio huvunjika mapema. Faida yake ni kwamba haitegemei umeme, hulala na kuamka kwenye kimo kilekile, na fundi yeyote mwenye kibana springi anaweza kuihudumia. Kwa gari linaloishi kati ya Mikindani, Msimbati na Kilambo, huo ni uamuzi wa busara, mradi mwenye gari ajue anachokiacha: ulaini wa safari, kimo kisichoshuka kwa mzigo, na uwezo wa kujiinua.

Baraza la Kiswahili la Taifa, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1967, lina jukumu la kusanifu istilahi, na vyuo vya ufundi stadi vya VETA, kikiwamo cha Mtwara, vina vijana wanaohitaji kuzitumia kila siku. Springi hewa, springi ya koili, shokapu na mfumo wa springi ni maneno manne ambayo yanaweza kuingia kwenye mtaala na kwenye karatasi ya kazi ya gereji bila kusubiri mengine. Mwenye gari naye, kabla ya kutoa fedha, aulize kinachobadilishwa ni springi, ni shokapu, au ni mfumo mzima, na ahakikishe jibu limeandikwa kwenye risiti kwa jina lake kamili.