Kiingereza Kinachohesabiwa: Kopasi na Wazungumzaji wa Afrika Mashariki

Mtafiti wa sarufi ya Kiingereza siku hizi akitaka kujua kama muundo fulani unatumika, hakimbilii kitabu cha mwalimu wake. Hufungua kopasi, yaani hazina ya matini halisi zilizokusanywa kwa mpango maalumu na kuhifadhiwa kwenye kompyuta, akahesabu. Njia hii imeota mizizi kiasi kwamba makala ya sarufi isiyo na takwimu za kopasi hupata taabu kupita mikononi mwa wahakiki wa majarida. Hatuna ugomvi na kuhesabu. Hoja yetu ni kwamba kabla ya hesabu kuanza kuna mtu aliyekwisha kuamua nani anastahili kuhesabiwa, na uamuzi huo una umri mkubwa kuliko kompyuta. Afrika Mashariki ndiko unakoonekana waziwazi, kwa sababu huku Kiingereza hakijawahi kufanya kazi zote ambazo waasisi wa kopasi walidhani kila lugha hufanya.

Samuel Johnson alipochapisha kamusi yake mwaka 1755 aliijaza dondoo zaidi ya 100,000 za waandishi aliowaona wa kuigwa, wengi wao marehemu. Karne moja baadaye, mwaka 1857, Chama cha Wanafilolojia cha London kilianza harakati zilizozaa kamusi kuu ya Oxford. Wasomaji wa kujitolea walipekua vitabu na kutuma vikaratasi vyenye sentensi walizozikuta. James Murray aliushika uhariri mwaka 1879, sehemu ya kwanza ikatoka mwaka 1884, na kazi ikakamilika mwaka 1928 ilhali Murray mwenyewe alikwisha kufariki mwaka 1915. Ni kazi ya subira isiyo na mfano, nasi tunaistahi. Hata hivyo, ushahidi wake ulikuwa wa maandishi. Mchuuzi wa sokoni aliyesema Kiingereza kutwa nzima katika vichochoro vya London hakuwa na kikaratasi chake.

Wanaodhani kwamba mwenye lugha ndiye pekee mwenye haki ya kuieleza wakumbuke pia kuwa sarufi kubwa ya kihistoria ya Kiingereza, yenye majuzuu 7 yaliyotoka kati ya 1909 na 1949, iliandikwa na Mdenishi, Otto Jespersen. Hendrik Poutsma, aliyeandika sarufi nyingine nene ya zama hizo, alikuwa Mholanzi. Nao walitegemea vitabu, hasa riwaya na tamthilia, maana mgeni hana ushahidi mwingine anaoweza kuutetea mbele ya wenyeji.

Aliyevunja mazoea hayo ni Mmarekani Charles Fries, na inasikitisha kwamba anatajwa kwa nadra katika kozi zetu za isimu. Katika kitabu chake cha mwaka 1940 Fries aliacha riwaya, akachukua barua ambazo raia wa kawaida waliiandikia serikali ya Marekani. Aliwagawa waandishi wa barua hizo katika makundi matatu kwa elimu na kazi zao, kisha akaichambua sarufi ya kila kundi bila kulifukuza lolote mezani. Mwaka 1952 alikwenda mbali zaidi: alitumia mazungumzo ya simu yaliyorekodiwa, yenye maneno yapatayo 250,000. Uzito wa kazi ya Fries hauko katika ukubwa wa data yake. Uko katika kukubali kwamba Kiingereza cha mtu asiyesoma sana ni Kiingereza, na kwamba kina kanuni zake zinazoweza kuandikwa. Tunasisitiza jambo hili kwa kuwa hatua iliyofuata, ambayo husifiwa kama mwanzo wa sayansi ya kisasa ya sarufi ya Kiingereza, kwa upande huu ilikuwa ya kurudi nyuma.

Hatua hiyo ni ya Randolph Quirk. Mwaka 1959 alianzisha mradi wa kuchunguza matumizi ya Kiingereza, ambao makao yake yakawa Chuo Kikuu cha London. Lengo lilikuwa matini 200 zenye maneno 5,000 kila moja, nusu usemi na nusu maandishi, jumla maneno milioni moja. Kurekodi usemi kwa kiwango hicho, katika zama za mikanda mikubwa na kadi zilizopangwa kwenye makabati, kulikuwa ushujaa wa kitaaluma. Sarufi kubwa ya mwaka 1985, aliyoiandika pamoja na Greenbaum, Leech na Svartvik, ilinufaika sana na makabati hayo, na bado iko kwenye rafu za maktaba zetu. Lakini wazungumzaji wa mradi huo walikuwa watu wazima waliosoma. Kigezo hicho kiliingia kimya kimya, kikakaa.

Yaliyofuata yanajulikana. Chuo Kikuu cha Brown kilitoa mwaka 1964 kopasi ya kwanza ya kompyuta, matini 500 za Kimarekani zilizochapishwa mwaka 1961. Noam Chomsky na wafuasi wake waliidharau kazi ya namna hiyo kwa madai kwamba umilisi wa lugha hauko kwenye orodha ya matini. Kopasi hazikufa. Kamusi ya wanafunzi iliyotoka Birmingham mwaka 1987 chini ya John Sinclair ilijengwa juu ya kopasi, na kufikia mwaka 1994 Uingereza ilikuwa na kopasi yake ya taifa ya maneno milioni 100.

Sasa tufike kwetu. Mwishoni mwa miaka ya 1980 Sidney Greenbaum, mrithi wa Quirk pale London, alipendekeza mradi wa kimataifa: kila nchi inayotumia Kiingereza kama lugha ya kwanza au lugha rasmi iwe na kopasi ya maneno milioni moja, na kopasi zote zifuate kalibu moja. Matini ni 500 zenye maneno takriban 2,000 kila moja. Usemi unachukua 300, maandishi 200. Ndani ya usemi, matini 90 ni mazungumzo ya ana kwa ana na 10 ni ya simu. Anayehesabiwa awe na umri wa miaka 18 au zaidi, na awe amesoma kwa Kiingereza angalau hadi kumaliza sekondari. Kopasi ya Afrika Mashariki, iliyoongozwa na Josef Schmied wa Ujerumani, ilikamilika mwaka 1999 ikiwa na sehemu ya Kenya na sehemu ya Tanzania.

Msomaji wa Dodoma au Tanga hahitaji kuambiwa tatizo liko wapi. Matini 90 za soga kwa Kiingereza, kati ya watu wazima wanaofahamiana, zitapatikana wapi Tanzania? Wenzetu wawili waliosoma hadi shahada ya uzamivu wakikutana kantini huzungumza Kiswahili, wakitia maneno ya Kiingereza hapa na pale. Bunge hujadili kwa Kiswahili. Mahakama za mwanzo zimekuwa za Kiswahili tangu zamani, na mwaka 2021 sheria ilirekebishwa ili Kiswahili kiwe lugha ya mahakama kwa jumla. Kenya ni tofauti, maana huko bungeni lugha zote mbili husikika, na Katiba ya 2010 inazitambua zote mbili kuwa lugha rasmi. Kwa hiyo Schmied na wenzake ilibidi wailegeze kalibu: walitenga kundi la maandishi yanayotokana na usemi, na mizani ya Kenya na ile ya Tanzania hazikuweza kulingana kisanduku kwa kisanduku.

Mara nyingi jambo hili hutajwa katika utangulizi wa tasnifu kama upungufu wa data, kisha mtafiti anaendelea na hesabu zake. Sisi tunaona kwamba mambo yamepinduliwa. Kisanduku kisichojaa ni matokeo ya utafiti, tena ni matokeo mazito kuliko mengi yanayopatikana ndani ya visanduku vilivyojaa. Kinatuambia kuwa Kiingereza cha Tanzania hakiko katika mfululizo mmoja na cha Uingereza, kwamba hakikupungukiwa tu na baadhi ya mazoea ya wenyewe. Ni lugha yenye mgawanyo tofauti wa kazi, inayoishi daima bega kwa bega na Kiswahili, ikiandikwa zaidi kuliko inavyosemwa.

Chukua darasa la sekondari. Kisera, lugha ya kufundishia ni Kiingereza. Ripoti ya Criper na Dodd ya mwaka 1984 ilikwisha kuonyesha kuwa Kiingereza cha wanafunzi wengi hakikutosha kuwa chombo cha kujifunzia masomo mengine, na watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakiwamo Casmir Rubagumya na Martha Qorro, wameandika kwa miaka mingi juu ya kile kinachotokea hasa. Mwalimu huandika ubaoni kwa Kiingereza, hueleza kwa Kiswahili, huuliza kwa mchanganyiko, na mwanafunzi hujibu kwa neno moja au hunyamaza. Hapo Kiingereza kinatumika, kwa saa nyingi, na mamilioni ya watu. Ila mwanafunzi hajafika miaka 18 wala hajamaliza sekondari, na maneno ya Kiswahili katika matini ya kopasi hutiwa alama ya kuyatenga kama ya lugha ya wenyeji. Mwanafunzi wa mahali penye Kiingereza kingi kuliko popote nchini hana nafasi katika kopasi ya Kiingereza cha nchi.

Pana hoja ya kutujibu, nayo ina nguvu. Bila kalibu moja hakuna ulinganishi. Ulinganishi huo ndio uliosaidia kuonyesha kwamba tabia ya kutia wingi kwenye majina yasiyohesabika, ambayo walimu wetu waliilaumu kuwa athari ya Kiswahili au Kigĩkũyũ, imo pia Lagos na Singapore. Ugunduzi wa namna hiyo unapaswa kuzifunga kabisa tasnifu za uchanganuzi makosa ambazo bado zinaandikwa katika idara zetu, ambamo kila tofauti hubebeshwa lugha mama ya mwanafunzi bila mtu kuangalia nje ya wilaya. Tunakubali. Kalibu moja inafaa kwa swali la kulinganisha. Haifai kuwa ndiyo maelezo ya lugha ilivyo mahali fulani, na hayo mawili yamechanganywa mno.

Mwaka 1990 na 1991 Quirk na Braj Kachru walipambana katika kurasa za jarida moja la Kiingereza. Quirk alitetea kipimo kimoja cha usanifu kwa wanafunzi wa dunia nzima. Kachru, aliyechora dunia ya Kiingereza kwa duara tatu, alitetea uhalali wa Kiingereza cha India na kwingineko. Wengi husimulia ugomvi huu kama wa mkoloni na mkombozi. Tukitazama ushahidi ambao kila mmoja aliusimamia, hawakuwa mbali hivyo. Kachru alitambua kuwa kuna ngazi za umilisi, lakini hadhi aliyoidai ilikuwa hasa ya msemaji aliyesoma wa Delhi, kama vile Quirk alivyorekodi msemaji aliyesoma wa London. Hakuna kati yao aliyerudi kwenye makundi matatu ya Fries.

Intaneti haikuondoa tatizo. Kopasi ya mtandaoni aliyoitoa Mark Davies mwaka 2013 ina maneno bilioni 1.9 kutoka nchi 20, Kenya na Tanzania zikiwamo. Wingi huo unavutia. Lakini ukurasa unaohesabiwa kuwa wa Tanzania unaweza kuwa tangazo la safari za Serengeti lililoandikwa na mgeni kwa ajili ya wageni.

Upande wa fasihi una somo ambalo wanaisimu wangelitumia, kama idara za lugha na za fasihi zingekuwa zinasomana. Kalibu ya Greenbaum ina nafasi ya riwaya na hadithi fupi. Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar na mshindi wa Nobeli ya 2021, awekwe wapi? Ameishi na kufundisha Uingereza, lakini wahusika wa riwaya yake ya mwaka 1994, *Paradise*, ni watu wa pwani na bara ambao kwa sehemu kubwa mazungumzo yao tunayachukulia kuwa ni ya Kiswahili. Tafsiri ya Ida Hadjivayanis, *Peponi*, iliyotoka mwaka 2022, iliyarudisha mazungumzo hayo katika lugha hiyo. Wahakiki wa fasihi wamezoea kuuliza ni lugha gani inasikika nyuma ya sentensi ya Kiingereza. Mhesabuji wa kopasi hana safu ya swali hilo, ingawa kwa Afrika Mashariki ndilo swali la kwanza.

Tunachokiomba hakihitaji fedha nyingi. Idara za Kiingereza za Dar es Salaam, Nairobi, Makerere na kwingineko zirekodi vipindi vya darasani, mikutano ya idara, mahojiano ya ajira na mashauri ya mahakamani pale ruhusa inapopatikana, na ziviandike vyote kama vilivyosemwa, Kiswahili na lugha nyingine zikibaki ndani. Carol Myers-Scotton alikwisha kuonyesha kwa data za Nairobi, katika vitabu vyake viwili vya mwaka 1993, kwamba mchanganyiko huo una kanuni. Wasimamizi wa tasnifu nao waache kuidhinisha mada za makosa ya wanafunzi wa kidato cha pili kwa kipimo cha sarufi ya mwaka 1985. Kopasi ya namna hiyo haitalingana na ya London, na mhariri wa jarida la nje huenda akairudisha kwa sababu hiyo. Wahariri wa majarida yetu wasiirudishe.