Maumivu Yasiyoisha na Usingizi Usiotosha

Kila mtu anajua kwamba mgonjwa mwenye maumivu halali vizuri. Lakini je, kukosa usingizi kunaweza kuleta maumivu? Katika insha hii nitaeleza jinsi madaktari walivyopata jibu.

Mwaka 1904 daktari William Gowers wa London aliyaita maumivu fulani ya misuli "fibrositisi", kwa kudhani kwamba nyama za mwili zimevimba. Waliomfuata walipochunguza hawakuona uvimbe. Kwa hiyo wagonjwa wengi waliambiwa kwamba wanajisingizia, au kwamba shida yao iko kichwani tu. Waliposema hawalali, ilichukuliwa kuwa ni matokeo ya maumivu, basi.

Mwaka 1929 Hans Berger wa Ujerumani alitangaza njia ya kupima umeme wa ubongo wa binadamu. Njia hiyo iliwawezesha watafiti kumchunguza mtu akiwa amelala. Mwaka 1975 Harvey Moldofsky na wenzake mjini Toronto, Kanada, waliwapima hivyo wagonjwa wa fibrositisi. Waliona kwamba hata katika usingizi mzito, ubongo wao ulitoa mawimbi kama ya mtu aliye macho. Kisha walichukua watu wazima wa afya, wakawasumbua kwa sauti kila walipozama katika usingizi mzito. Baada ya usiku chache tu, watu hao nao waliumwa misuli na kuchoka.

Mimi naona jaribio hilo lilikuwa ushahidi mkubwa kwa wagonjwa. Watu wale wa afya hawakuwa na sababu ya kujisingizia. Ilionekana kwamba maumivu huharibu usingizi, na usingizi mbaya huongeza maumivu, kama gurudumu. Mwaka 2010 wataalamu wa Marekani walitoa vigezo vipya vya ugonjwa huo, ambao sasa unaitwa fibromialjia. Kimojawapo ni kuamka bila kujisikia umepumzika.

Waswahili husema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Kwetu Uganda, Waganda husalimiana asubuhi "Wasuze otya?", yaani umelalaje? Kwa kawaida tunajibu kwamba tumelala vyema, hata kama si kweli. Naamini swali hilo linafaa pia kuulizwa hospitalini, na daktari asubiri jibu la kweli.