Sura ya Mostaert Kwamkoro

Hapa Kwamkoro, Usambara, rangi ya mafuta haina haraka ya kukauka. Ukungu hupanda kwenye mashamba ya chai na kuingia msituni, baridi hukaa ndani ya nyumba, na mafuta ya kitani, ambayo hukauka kwa kuvuta hewa, hunata siku nyingi. Rangi za udongo wa kahawia huwahi kidogo, kwa sababu ya manganizi iliyomo.

Hapa ndipo ninapojifunza kuchora sura, kwa kunakili picha aliyoichora Mholanzi Jan Mostaert miaka ya 1525–1530, iliyopo Rijksmuseum, Amsterdam. Ni ubao mdogo wa mwaloni, sentimita 31 kwa 21 hivi. Mwanamume mweusi mwenye ndevu amevaa kofia yenye beji ya mahujaji wa Bikira Maria wa Halle, na mkono wake u karibu na upanga. Wapo wanahistoria wanaomhusisha na Christophle le More, mlinzi katika jeshi la Kaisari Karoli wa Tano.

Nimemchagua kwa makusudi. Cennino Cennini, Mwitalia aliyeandika mafunzo ya uchoraji miaka mia moja na zaidi kabla ya Mostaert, aliwaambia wanafunzi watandike udongo wa kijani, kisha juu yake waridi la ngozi. Kwa ngozi yetu somo hilo halifiki mbali. Ukiongeza nyeupe ili upate mwanga, uso hugeuka majivu. Mwanga wa paji la uso mweusi unataka kijivu chenye ubaridi, na kivuli chini ya shavu kinataka wekundu, rangi nyembamba juu ya rangi nyembamba. Mostaert alimtazama mtu huyu kwa subira, na mkono unaomfuata unalazimika kuwa na subira hiyo hiyo.

Lakini katika Afrika Mashariki kunakili kuna historia yake ya ubishi, nami nimeifuata nyuma hadi chuo cha Makerere, Kampala. Margaret Trowell alianza kufundisha sanaa huko 1937. Yeye mwenyewe alisomea shule ya sanaa ya Slade, London, lakini hakutaka wanafunzi waige Ulaya. Aliwasimulia jambo, nao wachore walichokiona akilini. Sam Ntiro wa Machame alitoka mikononi mwake, akaenda Slade 1952, akarudi na migomba yake na watu wake wale wale. Mchoro wake wa 1956 wa wanaume wanaompelekea bibi harusi pombe ya ndizi usiku umo Museum of Modern Art, New York. Cecil Todd alipoushika uongozi wa sanaa Makerere 1958, alileta masomo rasmi ya Ulaya: mwili wa binadamu, nadharia ya rangi.

Elimo Njau wa Marangu alikwenda mbali kuliko Trowell katika kukataa kuiga. Kwake kuiga ni kumlaza Mungu usingizi, na neno hilo amelishikilia Paa ya Paa, nyumba ya sanaa aliyoianzisha Nairobi 1965. Hata hivyo, kwenye michoro yake ya ukutani ya Murang'a, 1959, Karamu ya Mwisho ipo, habari waliyoichora Waitaliano kwa karne nyingi. Ila wanaokula ni Wakikuyu, na milima ni ya kwao.

Naona Njau ana haki kuhusu picha iliyokamilika. Kuhusu mazoezi ya mkono siafikiani naye: Michelangelo alinakili sura za Masaccio Firenze alipokuwa kijana. Mwalimu wangu mweusi wa ubaoni amenipa kijivu cha paji la uso, nami sasa nimemwomba mama jirani, mchuma chai, anikalie dirishani asubuhi ukungu unapoondoka. Amekubali, kwa sharti kwamba kanga ataichagua mwenyewe.