Stata ya lori: inavyofanya kazi, dalili za ubovu na jinsi ya kuibadili

Stata ni mota ya umeme inayozungusha injini mpaka iwake na kujiendesha yenyewe. Ilibuniwa na Mmarekani Charles Kettering na ikaanza kufungwa kwenye magari ya Cadillac mwaka 1912. Kabla ya hapo injini ilizungushwa kwa mkono kwa kutumia hendeli.

Kwa msafirishaji wa mipakani, stata ikigoma hasara huanza hapo hapo. Lori lililobeba nyanya au samaki likikwama kwenye foleni ya Tunduma au Kasumbalesa, mzigo unaharibika na magari ya nyuma yanazuiwa. Lori lenye breki za upepo haliwashwi kwa kusukumwa kama gari dogo, kwa sababu upepo ukiisha breki za springi hukamata magurudumu.

Hata hivyo, stata nyingi hulaumiwa bure. Kwenye foleni injini huzimwa na kuwashwa mara nyingi kwa siku, lori likisogea hatua chache tu. Usiku taa na redio hutumia betri hiyo hiyo. Altaneta haipati muda wa kurudisha chaji, na asubuhi gari likikataa kuwaka dereva hukimbilia kununua stata wakati tatizo ni betri.

Inavyofanya kazi

Malori mengi hutumia volti 24, yaani betri mbili za volti 12 zilizounganishwa kwa kufuatana. Ufunguo ukizungushwa, umeme mdogo hupita kwenye waya mwembamba hadi kwenye solenoidi iliyo juu ya stata. Solenoidi hufanya kazi mbili. Kwanza husukuma gia ndogo, ambayo mafundi huiita bendiksi, ishikane na meno ya flaiwili. Pili hukutanisha shaba mbili za ndani ili umeme mkubwa upite kutoka kwenye betri kwenda kwenye mota.

Umeme huo hufikia mamia ya ampea, ndiyo maana waya wake ni mnene. Injini ikishawaka, bendiksi huzunguka bure ili kasi ya injini isiharibu mota, kisha springi huirudisha nyuma ufunguo ukiachiwa.

Dalili na maana yake

- Kimya kabisa, na taa za dashibodi hazionekani: betri imekwisha, au kichwa cha betri kimelegea.
- Kimya, lakini taa zinawaka vizuri: swichi ya ufunguo, rilei au waya mwembamba wa solenoidi.
- Mlio wa tak-tak-tak wa haraka: betri dhaifu au vichwa vyenye kutu.
- Mlio mmoja tu wa "tak": shaba za solenoidi zimeungua au kaboni za mota zimekwisha.
- Mota inalia kwa kasi lakini injini haizunguki: bendiksi imekufa au meno ya flaiwili yamelika.
- Stata inaendelea kuzunguka baada ya injini kuwaka: solenoidi imenata. Umeme wa betri ukatwe mara moja.

Kupima kabla ya kununua

Betri ya volti 12 iliyojaa na iliyopumzika husoma karibu volti 12.6, zikiwa mbili, karibu 25.2. Wakati stata inazungusha injini, kipimo kisishuke chini ya volti 9.6 kwa betri moja, au karibu 19 kwa mfumo wa volti 24. Kikishuka zaidi, betri ichajiwe na kupimwa kwanza. Vichwa vya betri visafishwe mpaka ving'ae, na waya wa athi unaokwenda kwenye chasisi na injini ukazwe.

Kama tatizo ni kaboni au bendiksi, fundi anaweza kubadilisha kifaa hicho peke yake kwa gharama ndogo kuliko stata nzima.

Kubadilisha stata

1. Lori liegeshwe mahali tambarare, breki ya mkono ivutwe, magurudumu yawekewe vigingi na gia iwekwe nyutro. Ufunguo utolewe.
2. Waya wa hasi wa betri ufunguliwe kwanza. Spana ikigusa waya mnene na bodi huku betri imeunganishwa, cheche zake zinaweza kuunguza mkono au kuwasha moto.
3. Waya ziwekewe alama kabla ya kufunguliwa.
4. Stata ishikiliwe wakati bolti za mwisho zinatolewa. Ya lori kubwa huweza kuzidi kilo 10 na ikianguka huvunja mkono.
5. Stata mpya ilinganishwe na ya zamani: volti, idadi ya meno, matundu ya bolti na upande inaozungukia. Stata ya volti 12 ikifungwa kwenye volti 24 huungua.
6. Meno ya flaiwili yakaguliwe pande zote, na sehemu ya kufungia isafishwe, kwa kuwa mara nyingi ndiyo njia ya athi.
7. Bolti zikazwe, waya zirudishwe, na waya wa hasi uwe wa mwisho.

Hatari inayoua

Baadhi ya mafundi huwasha injini kwa kugusisha bisibisi kwenye solenoidi wakiwa chini ya gari. Njia hii hupita kando ya swichi ya ufunguo. Lori likiwa kwenye gia linaruka mbele na kumkanyaga aliye chini yake. Isitumike.

Matunzo safarini

Ufunguo usishikiliwe zaidi ya sekunde 10 kwa mara moja, na stata ipumzishwe dakika moja au mbili kabla ya kujaribu tena. Asubuhi za baridi za Juni na Julai katika nyanda za Makambako na Mbeya, oili huwa nzito na betri hupungua nguvu, hivyo betri chakavu ibadilishwe kabla ya msimu huo. Anayebeba stata ya akiba awe na risiti yake, ili ikikaguliwa mpakani ijulikane kuwa ni kifaa cha gari na si bidhaa ya kuuza.