Stesheni ya Limuru, Uwanja wa Watu Kando ya Reli

Kwa vijana wa Limuru wa enzi za mkoloni, Jumapili ilikuwa siku ya stesheni. Wengi hawakuwa na tikiti wala safari. Walivaa nguo zao bora, wakateremka kutoka vijijini, wakajipanga kando ya reli kuingojea treni ya abiria. Hapo habari zilipashwa, marafiki walikutana, na uchumba ukaanza. Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyezaliwa mwaka 1938 katika kijiji cha Kamĩrĩĩthũ, karibu na hapo, aliyaingiza mandhari hayo katika riwaya yake A Grain of Wheat ya mwaka 1967, ambamo stesheni ameiita Rung'ei.

Reli yenyewe haikujengwa kwa ajili ya vijana hao. Waingereza waliitaka ili waifikie Uganda. Chuma cha kwanza kililazwa Mombasa mwaka 1896, na kufikia mwaka 1899 reli ilikuwa Nairobi. Kutoka hapo ililazimika kupanda zaidi ya mita 500 kwa kilomita zisizofika 50 hadi Limuru, kisha iteremke kwenye ukingo wa Bonde la Ufa. Mteremko ulikuwa mkali kiasi kwamba kwa muda vifaa vilishushwa kwa kamba za chuma, huku njia ya kudumu ikichongwa ubavuni mwa mlima. Vibarua na mafundi wapatao 32,000 waliletwa kutoka India, na karibu 2,500 kati yao walikufa kabla ya kazi kwisha. Reli ilifika Ziwa Victoria Desemba 1901.

Wazee wa Kikuyu walikuwa wameshasikia habari zake. Mtabiri Mugo wa Kibiru anakumbukwa kwa kusema kwamba wageni wangekuja na nyoka wa chuma. Nyoka alipopita, ardhi ikafuata: walowezi walitwaa mashamba ya Limuru, na mwaka 1903 miche ya kwanza ya chai nchini Kenya ikapandwa huko. Baadaye Bata wakajenga kiwanda chao cha viatu, na mji mdogo wa maduka ya Wahindi, vibarua wa mashamba na wafanyakazi wa kiwandani ukakua kando ya njia ya reli. Ndani ya treni, kila mtu alijua pake: Mzungu daraja la kwanza, Mhindi la pili, Mwafrika la tatu.

Ndiyo maana naona mikusanyiko ile ya Jumapili ilikuwa na uzito zaidi ya burudani. Watu walionyang'anywa ardhi iliyopitiwa na reli waliifanya stesheni uwanja wao, bila kuomba ruhusa kwa yeyote.

Serikali ya kikoloni ilipotangaza hali ya hatari Oktoba 1952 ili kukabiliana na uasi wa Mau Mau, geti lilifungwa hata hapo. Wakikuyu hawakuruhusiwa kusafiri bila kibali. Mapema mwaka 1955 kijana Ngũgĩ alifika stesheni akiwa amepata nafasi Alliance High School, iliyoko Kikuyu, vituo vichache tu kuelekea Nairobi. Hakuwa na kibali, akazuiwa kupanda treni ya abiria. Mfanyakazi mmoja wa reli alimhurumia akamwingiza katika treni ya mizigo, na hivyo ndivyo alivyofika shuleni. Alikisimulia kisa hicho katika kitabu chake cha kumbukumbu, Dreams in a Time of War. Kwangu mimi, mfanyakazi yule anastahili kukumbukwa katika historia ya reli ya Kenya sawasawa na mhandisi yeyote.

Treni za masafa marefu zilidhoofika miaka iliyofuata uhuru, barabara ikachukua abiria. Reli mpya ya upana wa kawaida (SGR), iliyofika Naivasha mwaka 2019, ilipita mbali, upande wa Ngong. Lakini njia ya zamani haikufa. Desemba 2021 treni ya Nairobi hadi Kisumu ilirudishwa kupitia mlima uleule, na reli ileile yenye upana wa mita moja imetumika pia kwa treni za wafanyakazi waendao mjini asubuhi na kurudi jioni kupitia Kikuyu.

Ngũgĩ alifariki Mei 2025. Wanaopanga kuikarabati njia hii wana nafasi nzuri ya kuweka bango stesheni ya Limuru, lieleze kwamba hapa ndipo alipozuiwa, na kwamba hapahapa kuna mtu aliyemfungulia behewa la mizigo.