Meza ya Pili
Kontesti yangu ya kwanza ilikuwa Karatina, Jumamosi moja ya 2015, na tulitoka na nunge.

Tulikuwa wanne kutoka shule ya kutwa, tumekuja na matatu, viatu vimejaa matope. Kitufe cha kujibia nilikuwa nimekiona kwa runinga tu, nikiwa mdogo, vyuo vikishindana kwenye Celtel Africa Challenge na John Sibi-Okumu akiuliza maswali. Hakuna aliyetuambia kwamba unaweza kukibonyeza kabla swali halijaisha. Majibu mengine nilikuwa nayo, aki. Lakini nilingoja msomaji amalize, kama nilivyofunzwa nyumbani, na kabla afike nusu meza ya pili ilishajibu.

Nilidhani sisi ni wajinga. Miaka baadaye, chuo nimeshaacha, nikaanza kusoma historia ya kwetu kivyangu, na nikaona kwamba wale wa meza ya pili walianza mazoezi kabla shosho yangu hajazaliwa. Shule kubwa za Nyeri zina mizizi ya kikoloni. Nyeri High ilitokana na misheni ya Wakatoliki pale Mathari. Mwai Kibaki alisoma hapo miaka ya 1940. Mathira walikuwepo Wapresbiteri wa Scotland, Tumutumu. Mzozo wa tohara ya wasichana ulipolipuka mwaka 1929, wazazi wengi waliwatoa watoto kwa misheni na kujenga shule zao wenyewe. Hali ya Hatari ilipotangazwa Oktoba 1952, serikali ya kikoloni ikazifunga. Baada ya uhuru zikaja za harambee: watu walichanga, wakajenga darasa moja, wakapumzika, wakajenga lingine. Maktaba na maabara zilibaki kwa wakubwa. Mwaka 2008 serikali ya Kibaki huyo huyo ikaanza kugharimia masomo ya sekondari, na shule za kutwa kama yetu zikajaa.

Sasa ukizikalisha shule hizi zote ukumbi mmoja, asubuhi moja, useme kuna haki kwa sababu maswali ni yale yale, unatuzuga. Tamasha za muziki na drama zina ngazi: unaanza na majirani, ndio upande hadi taifa. Kontesti za kualikana hazina. Unashuka kwa matatu na unakutana na bingwa saa tatu asubuhi.

Siku ile madam wetu hakulalamika. Alienda kwa waandalizi akaomba maswali ya zamani. Mwalimu mmoja akampa bahasha nzima, miaka mitatu ya maswali, bila maneno mengi. Tulifanya mazoezi jioni tukigonga vifuniko vya sufuria badala ya vitufe.

Mwaka uliofuata tulikuta mabadiliko mawili. Kulikuwa na dakika kumi za kujaribu vitufe bila alama, na timu changa zilianza zenyewe kwa zenyewe. Ni hayo tu, na hayakugharimu hata shilingi. Tulishinda raundi mbili. Saa nane mchana tukakutana na ile shule ya meza ya pili, wakatuchapa vizuri, lakini safari hii tulikuwa tunacheza. Swali la mwisho nilibonyeza kabla ya nusu.

Nikakosea. Madam alicheka hadi stendi ya matatu.