Gereza, Kanisa na Neno la Hakimu

Neno gereza tulilipata kwa Wareno, na kwao igreja ni kanisa. Wataalamu wengi wa lugha wanaeleza hivyo, na Ngome Kongwe ya Zanzibar inawaunga mkono: Waarabu wa Oman waliijenga mahali palipokuwa na kanisa la Wareno, baadaye ikawa jela. Kilwa Kisiwani, ukiuliza Gereza liko wapi, utaoneshwa ngome ya mawe iliyo karibu na bahari. Fort Jesus ya Mombasa nayo ilikuwa jela ya Waingereza tangu 1895 hadi 1958, kisha ikafanywa makumbusho.

Huko Brazili, katika jimbo la Minas Gerais, kuna mji uliopita njia hiyohiyo. Ouro Preto maana yake ni dhahabu nyeusi, kwa sababu punje za dhahabu zilizookotwa mitoni humo zilikuwa zimefunikwa na utando wa giza. Wachimbaji walimiminika mwishoni mwa karne ya 17, na mwaka 1711 vijiji vyao vikaunganishwa kuwa Vila Rica, Mji Tajiri. Baraza la mji na jela vilikaa chini ya paa moja. Jengo hilo, tangu 1944, ni Museu da Inconfidência.

Hapo ndipo mfasiri anapokwama. Inconfidência ni kukosa uaminifu kwa mfalme. Ni neno la hati ya mashtaka. Ureno ilikuwa ikitoza khumusi, yaani sehemu moja ya tano ya dhahabu yote. Migodi ilipopungua nguvu deni likalimbikizwa, na mwaka 1789, watu walipotishiwa kulilipa kwa mkupuo, maofisa, mapadri na washairi wakala njama ya kujitenga na Ureno. Wakasalitiwa kabla hawajafanya lolote. Mmoja wao, Joaquim José da Silva Xavier, alinyongwa Rio de Janeiro tarehe 21 Aprili 1792, kichwa chake kikaletwa Vila Rica kuwatisha wenzake. Leo siku hiyo ni sikukuu ya taifa na uwanja ulio mbele ya jengo unaitwa kwa jina lake la utani, Tiradentes, Mng'oa Meno. (Mji huu hauoni haya kwa majina ya kubandikwa. Mchongaji aliyebuni kanisa la São Francisco de Assis na kulichongea nakshi za mlangoni kwa mawe laini, kama yale ya Kisii, ni Antônio Francisco Lisboa, mtoto wa Mreno na mama Mwafrika mtumwa. Wenyeji humwita Aleijadinho, yaani Kijilema.)

Basi tuseme Makumbusho ya Uhaini? Hapana, hapo tutakuwa tumeketi na hakimu. Uasi ni nafuu kidogo, ila nao unamtazama mtu kutoka kwenye kiti cha enzi. Tunalijua jambo hili vizuri: Wajerumani waliandika uasi juu ya yaliyotokea kusini mwa Tanganyika tangu 1905 hadi 1907, sisi tunasema Vita vya Majimaji, na makumbusho yake yako Songea, mahali mashujaa waliponyongwa.

Wabrazili wameliacha neno la mshitaki lilivyo, kisha wakaliheshimu mpaka likageuka. Mifupa ya baadhi ya waliopelekwa uhamishoni Afrika ilirudishwa miaka ya 1930 na kuzikwa ndani ya makumbusho hayo. Mmoja wao, mshairi na jaji Tomás Antônio Gonzaga, alihukumiwa kuishi Kisiwa cha Msumbiji, pwani hii yetu, akaoa huko na kufia huko.

Kwa wenzangu mnaofasiri vitabu vya watalii, ombi langu ni hili: andikeni Makumbusho ya Inconfidência, na chini yake muongeze maneno matatu na mwaka: njama ya uhuru, 1789. Uhaini waachieni waliotia sahihi hukumu.